Kujifunza Kiitaliano Nyumbani Bila Mwalimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa kila aina: vijana wa hoteli za Watamu na Kiwengwa, wanafunzi wanaotafuta nafasi katika vyuo vya Italia, mapadre na masista wanaotumwa Roma, akina mama wanaokwenda kulea wazee huko, na waliopata wachumba wa Kiitaliano. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Kweli inawezekana kujifunza lugha hii nikiwa nyumbani tu?

Inawezekana, na Waitaliano wenyewe ni ushahidi. Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokuwa wakizungumza Kiitaliano walikuwa wachache mno. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kama asilimia 2.5 ya watu wote. Wengine waliomfuata wakasogeza hadi karibu asilimia 10. Waliobaki walizungumza Kinapoli, Kisisilia, Kiveneto na lugha nyingine za mikoani. Kiitaliano sanifu kilitokana na lugha ya Firenze, kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja, na mamilioni ya watu walilazimika kukisoma kama lugha ya pili nchini mwao.

Wengi walikisomea mbele ya televisheni. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, mwalimu Alberto Manzi alifundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia RAI, shirika la utangazaji la taifa la Italia, jioni, akichora picha kwenye karatasi kubwa huku akitamka maneno polepole. Vipande vya kipindi kile vipo mtandaoni. Vitafute, kwa sababu Manzi alitamka kila silabi kwa uwazi ambao watangazaji wa leo hawana, na picha anazochora zinakuonyesha maana kabla hujafungua kamusi.

Kusoma, kuandika na kusikiliza utajifundisha mwenyewe. Kuzungumza kunataka mtu wa pili, na nimelijibu hilo huko chini.

Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nikijue vizuri kwanza?

Hapana. Ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku kabisa tabia ya kupitia Kiingereza ili kufika Kiitaliano. Ni kutoka Mombasa kwenda Lamu kwa kuzungukia Kampala. Vitabu vingi vimeandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza, na hutumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo wewe unayo kinywani tangu utotoni.

Tazama mifano. Mwitaliano akiwa na njaa husema *ho fame*: nina njaa. *Ho sete*, nina kiu. *Ho sonno*, nina usingizi. *Ho fretta*, nina haraka. *Ho paura*, nina hofu. Umri nao ni hivyohivyo: *ho vent'anni*, nina miaka ishirini. Mzungumzaji wa Kiingereza inabidi abomoe sentensi yake kichwani kabla ya kufika hapo. Wewe unaweka neno mahali pa neno.

Vitenzi pia. Katika Kiswahili kiambishi cha mwanzo ndicho kinachosema nani anatenda: nasema, unasema, anasema. Katika Kiitaliano kazi hiyo inafanywa na mwisho wa neno: *parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano*. Kwa hiyo hakuna haja ya kutanguliza "mimi" kila mara. *Io parlo* ipo, ila inasemwa pale ambapo nasi tungesema "mimi nasema", yaani ukitaka kusisitiza au kujitofautisha na mwingine. Ukifuata kitabu cha Kiingereza utazoea kusema *io* kila sentensi, na utasikika kama mtu anayejisifu.

Anayetendwa naye hukaa kabla ya kitenzi, kama kwetu anavyokaa kabla ya mzizi: na-ku-ona, *ti vedo*; a-na-ni-penda, *mi ama*. Halafu kuna *mi piace*, ambayo inawatesa wazungu miezi mizima. *Mi piace il caffè* ni "kahawa inanipendeza". Kinachotenda ni kahawa. Kikiwa kitu cha wingi, kitenzi kinageuka: *mi piacciono i datteri*, tende zinanipendeza. Ukishaona kwamba "inanipendeza" imekuwa "zinanipendeza", somo limekwisha.

La mwisho ni lile ambalo vitabu hulificha sura za nyuma kwa kuliogopa, *congiuntivo*. Nataka uje: *voglio che tu venga*. Nataka aondoke: *voglio che parta*. Ile "-e" ya "uje" na "aondoke" ndiyo hiyohiyo kazi. Usisubiri mwaka wa pili, ianze mwezi wa kwanza. Tahadhari moja tu: Waitaliano huitumia hata baada ya kudhani, mahali ambapo sisi hatuitumii. *Penso che sia malato*, nadhani ni mgonjwa. Hilo itabidi ulizoee taratibu.

Matamshi ni rahisi kama watu wanavyosema?

Nusu rahisi. Irabu ni zilezile, maneno mengi yanaishia kwa irabu, na kinachoandikwa karibu chote kinasomwa. Zipo *e* na *o* za namna mbili, ya wazi na ya kubana, lakini Waitaliano wa mikoa mbalimbali hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wewe usilale macho kwa ajili hiyo.

Shida ya kwanza ni *ch*. Kwetu "ch" ni ya chai. Kwao *ch* ni "k", na *c* peke yake mbele ya *e* au *i* ndiyo "ch" yetu. *Chi* (nani) inasomwa "ki". *Ci* inasomwa "chi". *Chiesa*, kanisa, ni "kiesa". *Cena*, chakula cha jioni, ni "chena". Mkono wa Mswahili umezoea kinyume chake, na kosa hili hudumu muda mrefu kuliko mengine yote. Dawa yake ni daftari: kwa wiki za mwanzo kila neno jipya liandike kwa Kiitaliano, na kando yake liandike kama unavyolisikia kwa herufi za Kiswahili. *Gelato*, jelato. *Giorno*, jorno. *Bagno*, banyo. *Signora*, sinyora. *Quanto*, kwanto. *Pesce*, peshe. *Grazie* ni "gratsie", na ile *e* ya mwisho usiimeze. *H* haitamkwi kamwe, kwa hiyo *ho* ni "o" na *hanno* ni "anno". Utaona kuwa maandishi ya Kiswahili yanabeba karibu sauti zote za Kiitaliano. Inayotoroka ni *gli*, ile ya *famiglia*, ambayo lazima uisikie kwa sikio.

Shida ya pili ni konsonanti mbili. Aliyepita madrasa anaijua shadda: ulimi unakaa kidogo juu ya herufi kabla ya kuachia. Ndivyo ilivyo hapa. *Pala* ni beleshi, *palla* ni mpira. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. *Casa* ni nyumba, *cassa* ni kaunta ya kulipia. *Nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. Na ukitaja umri wako, *anni* ishikilie kisawasawa, kwa sababu ikitamkwa kwa *n* moja unakuwa umetaja idadi ya sehemu ya mwili ambayo kila mtu anayo moja tu.

Shida ya tatu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kila siku, bila ubishi. Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi, halafu kinakugeuka. *Telefono* mkazo uko kwenye *le*. *Tavola* uko kwenye *ta*. *Città* uko mwishoni, na angalau hiyo imewekewa alama. Wengi wetu huharibu *parlano* na *abitano* kwa kuweka mkazo kwenye *la* na *ta*. Ni PARlano, Abitano. Kamusi ya Treccani, ambayo ni bure mtandaoni, inaonyesha mkazo wa kila neno. Hapo hakuna njia ya mkato.

Hii habari ya *il*, *lo*, *la* inanichanganya. Nifanyeje?

Aliyekua akisema "kitabu kipya, vitabu vipya" hawezi kutishwa na *libro nuovo, libri nuovi*. Upatanisho tunao. Sisi tuna ngeli lukuki, wao wana makundi mawili, ya kiume na ya kike, na meza kuwa ya kike si jambo la kutafutia sababu, kama ambavyo hatutafuti sababu ya kusema "mti" na "miti".

Kigeni kwetu ni kile kineno cha mbele. Kwa ufupi: *il* kwa neno la kiume, *la* kwa la kike, *l'* mbele ya irabu. *Lo* hutumika kwa maneno ya kiume yanayoanza na *z*, na *gn*, au na *s* inayofuatwa na konsonanti: *lo zucchero, lo studente*. Wingi ni *i*, *gli* na *le*. Usiandike neno kwenye daftari bila kineno chake, hasa linaloishia kwa *-e*, maana hilo halijitambulishi: *il pane*, mkate, ni la kiume, *la notte*, usiku, ni la kike. Na kuna wakaidi kama *la mano*, mkono, na *il problema*.

Ninunue vitabu gani? Hapa kwetu havipatikani.

Anza na kilichopo jikoni. Chukua pakiti ya tambi iliyotoka Italia, zimejaa madukani, na ugeuze upande wa nyuma. *Semola di grano duro*: unga wa chengachenga wa ngano ngumu. *Cottura 9 minuti*: kuiva ni dakika tisa, na hapo una *t* mbili za kushikilia. *Peso netto*, uzito halisi. Na *pesa* kwao ni "inapima uzito", haihusiani na pesa zetu. *Conservare in luogo fresco e asciutto*: hifadhi mahali pa baridi na pakavu. Angalia *luogo, fresco, asciutto*, zote zimefungwa kwa *-o* moja, kama "mahali pa-, pa-". Angalia pia kwamba *conservare* ni "kuhifadhi", lakini kwenye pakiti inatoa amri. Soma kwa sauti: "ashutto", si "asiutto". Pakiti moja ina sarufi ya wiki nzima, na hakuna aliyekuuzia kozi.

Baada ya hapo nenda Vatican News. Sijui chombo kingine kinachochapisha habari kila siku kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili pia, bure. Hata kama wewe si Mkatoliki, habari za vita, za wahamiaji na za tabianchi ziko pale, na mara nyingi tukio moja limeandikwa kwa lugha zote mbili. Soma kwanza ya Kiswahili ili ujue kisa, kisha fungua ya Kiitaliano. Jumapili Papa husali sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana ya Roma, yaani saa nane mchana kwetu Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya na saa saba wakati wa kiangazi chao. Hotuba hutolewa kwa Kiitaliano, polepole kuliko taarifa ya habari, na maandishi yake hutolewa siku hiyohiyo. Papa Fransisko alizoea kumaliza kwa *buon pranzo e arrivederci*, mle vizuri na kwaherini, na wapo waliojifunza maneno hayo manne kabla ya mengine yote.

Kwa sauti kuna RaiPlay Sound, programu ya bure ya redio za RAI, yenye vipindi vingi vya kusikiliza wakati wowote. Video za RaiPlay ni hadithi nyingine. Baadhi hazifunguki nje ya Italia.

Kwa msamiati, tafuta orodha ya maneno ya msingi iliyoandaliwa na De Mauro niliyemtaja juu, toleo jipya la mwaka 2016, inapatikana bure mtandaoni. Ina maneno yapata 7,000, lakini yaliyo muhimu hasa ni kama 2,000, ambayo peke yake hubeba takriban asilimia 86 ya maneno yote unayokutana nayo katika maandishi na mazungumzo. Kitabu cha watalii kitakufundisha neno la "mkanda wa kujiokolea" kabla ya neno la "hata hivyo". Orodha hii haifanyi upuuzi huo.

Kamusi za Kiswahili na Kiitaliano zipo pia, nyingine kazi ya wamisionari. Wa Consolata, kutoka Torino, wako Kenya tangu 1902. Ulizia kwenye maktaba za parokia na seminari. Zinakaa pale na vumbi lake.

Programu za simu zile za kucheza na kupata pointi zinatosha?

Hazitoshi. Zinafaa kwenye daladala. Nyingi hukufundisha kupitia Kiingereza, na msimamo wangu juu ya hilo unaujua. Za kutafsiri nazo tahadhari: ukiandika "mnakwenda wapi" unaweza kurudishiwa sentensi ya mtu mmoja, kwa sababu wewe na ninyi hupotelea njiani, kwenye *you* ya Kiingereza. Zitumie kukagua neno, usizikabidhi sentensi nzima.

Itanichukua muda gani?

Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake lugha, FSI, huweka Kiitaliano katika kundi la lugha nyepesi kwa mzungumzaji wa Kiingereza, kama saa 600 hadi 750 za darasani hadi kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Ukipata saa moja kila siku, hiyo ni karibu miaka miwili. Kuomba chumba, kununua dawa na kueleza familia yako, hayo huja mapema zaidi.

Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumamosi. Na katika hiyo nusu saa, zoezi ninalolipendekeza kuliko yote ni imla. Chukua nusu dakika ya sauti yenye maandishi yake. Sikiliza mara ya kwanza mikono mitupu. Mara ya pili andika ulichosikia, hata kama ni upuuzi. Mara ya tatu jaza mapengo. Kisha fungua maandishi na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Utaona mambo ya ajabu: ulisikia *la mica* kumbe ni *l'amica*, ulisikia *ce* kumbe ni *c'è* (kuna, yupo). Makosa hayo mekundu ndiyo mtaala wako wa kesho. Kazi hii inachosha, na wengi huikimbia na kurudi kwenye pointi za simu.

Mtu wa kuzungumza naye nitampata wapi?

Kuna Waitaliano wanaosoma Kiswahili, na wana shida kama yako. Chuo Kikuu cha L'Orientale kule Napoli kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Wanafunzi wa namna hiyo wapo kwenye makundi ya mtandaoni ya kubadilishana lugha, na kwao mtu aliyezaliwa Tanga au Kisumu ni lulu. Gawaneni muda: dakika thelathini Kiswahili, dakika thelathini Kiitaliano, bila kuchanganya. Saa zinatofautiana moja au mbili tu, kwa hiyo hakuna wa kukesha.

Kwa walio Nairobi, Istituto Italiano di Cultura huendesha kozi na shughuli za utamaduni. Walio Malindi wana bahati zaidi. Waitaliano wamekuwa pale tangu miaka ya 1960, walipoanzisha mradi wa anga wa San Marco karibu na Ngomeni. Kituo kile cha baharini kilirusha setilaiti kuanzia 1967, pamoja na ile ya NASA iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Watalii na wastaafu walifuata. Leo kuna mitaa ambayo mbao za maduka zimeandikwa Kiitaliano kabla ya lugha nyingine.

Nilikiokota ufukweni nikifanya kazi na watalii. Nianze upya?

Usianze upya, ila ukarabati unahitajika. Masikio yako tayari ni mazuri na huna woga, vitu viwili ambavyo wa vitabuni hukosa. Tatizo ni kwamba Kiitaliano cha ufukweni hutumia kitenzi kisichonyambuliwa: *io andare domani, tu volere barca?* Ni kama mgeni akuambie "mimi kwenda kesho, wewe kutaka boti?" Anaeleweka, anatozwa bei, lakini hapewi kazi ya mapokezi.

Keti na vitenzi kumi unavyovitumia zaidi, *andare, volere, fare, avere, essere, venire, potere, dovere, dire, sapere*, na ujifunze nafsi zote sita za wakati uliopo. Kisha wakati uliopita: *ho mangiato*, nimekula, lakini *sono andato*, nimekwenda, na mwanamke husema *sono andata*. Ukiyashika hayo wateja wako wa zamani watashangaa.

Na kingine, kilicho kikubwa zaidi: ufukweni kila mtu ni *tu*, yaani "wewe" ya rafiki. Angalia jibu linalofuata.

Adabu zao zikoje? Shikamoo wanayo?

Shikamoo hawana, lakini usidhani hawana heshima. Mtu usiyemjua, mkubwa, daktari, karani wa ofisi, unamwita *Lei* na kitenzi kinakwenda kwa nafsi ya tatu. *Come sta?* ni ya heshima, *come stai?* ni ya rafiki, ndugu na mtoto. *Ciao* usimpe mzee wa watu unayekutana naye mara ya kwanza. Mpe *buongiorno*, na jioni *buonasera*. Ukiingia dukani au kwenye chumba cha kusubiri hospitalini, salimia waliomo. Hapo Waitaliano na sisi ni ndugu: anayeingia kimya anatazamwa.

Kuna neno utakalolipenda. Ukifika mlangoni kwa mtu, hata akiwa amekwishakufungulia, kabla ya kuvuka kizingiti unasema *permesso?* Anakujibu *avanti!* au *prego!* Ni hodi na karibu, kwa mahali palepale na sauti ileile. Ukiiacha, mama wa nyumba atalitambua hilo kuliko kosa lolote la sarufi.

Wanaokwenda kulea wazee: mzee mwite *signore* au *signora* na mtumie *Lei* mpaka mwenyewe aseme *dammi del tu*, niite *tu*. Wengine husema siku ya kwanza, wengine hawasemi kamwe.

Saa zao mbona zinanipoteza?

Ni zilezile za Kiingereza, ongeza au punguza sita. *Le otto* asubuhi ni saa mbili. Kwenye treni na hospitalini hutumia saa ishirini na nne: *alle quindici* ni saa tisa alasiri. Ukiandika miadi, andika kwa tarakimu, na mwajiri wako mwonyeshe.

Mimi natoka Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa. Kinanisaidia?

Sana. Wewe, na wenzako wa Lubumbashi, Bujumbura na Goma, utasoma gazeti la Kiitaliano mapema kuliko mtu wa Dodoma, kwa kuwa msamiati mwingi ni wa ukoo mmoja na sarufi zinafanana. Lakini kuna maneno mapacha yaliyogombana. *Fermare* si kufunga, ni kusimamisha. *Guardare* si kutunza, ni kutazama. *Gara* si stesheni, ni mashindano. *Salire* si kuchafua, ni kupanda. Na irabu za mwisho usizimeze kama za Kifaransa. Hapo Kiswahili chako ndicho mwalimu bora.

Wanaotegemea Kiingereza nao wana mitego yao: *parenti* ni jamaa wote, si wazazi, *libreria* ni duka la vitabu, si maktaba. Na *camera*, mtego wa kila Mswahili, ni chumba. Ukiulizwa hotelini kama unataka *camera*, usitoe simu upige picha.

Cheti nakihitaji? Kipi?

Inategemea unakwenda kufanya nini. Viwango ni vya Ulaya, A1 hadi C2. Kozi za shahada zinazofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hutaka B2. Zipo pia za Kiingereza ambazo haziulizi Kiitaliano, ingawa mtaani utakihitaji vilevile. Kibali cha ukaazi wa muda mrefu ndani ya Italia hutaka A2. Uraia kwa njia ya ndoa au ya kuishi miaka mingi umetaka B1 tangu mwisho wa 2018.

Vyeti vinavyotambulika zaidi ni vinne: CILS cha Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI cha chuo mwenzake cha Perugia, PLIDA cha Società Dante Alighieri, na kile cha Chuo Kikuu cha Roma Tre. Kimoja kinatosha. Cheti cha programu ya simu au cha semina ya wiki mbili ubalozini hakina uzito, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu. Mitihani ya zamani iko kwenye tovuti za vyuo hivyo. Ifanye nyumbani kwa saa ya ukutani kabla ya kulipa ada, hasa sehemu ya kusikiliza, maana hapo ndipo wanaojifunza wenyewe huanguka.

Bando linaisha haraka. Nifanye nini?

Acha video. Pakua vipindi vya sauti ukiwa mahali penye Wi-Fi na usikilize baadaye bila intaneti. Makala za Vatican News zihifadhi kama maandishi, ni nyepesi. Mtihani mmoja wa zamani uliochapwa kwenye karatasi kwa pesa ya fotokopi utakufaa mwezi mzima. Na ile pakiti ya tambi haihitaji bando.